Kibaba cha Bando

Mama yangu aliuza vitumbua Ngamiani, Tanga, kwa miaka 17, na katika miaka yote hiyo sikumbuki siku aliyoishiwa mchele bila kujua umekwenda wapi. Kila usiku alitoa pishi moja, yaani vibaba vinne, akauloweka. Kibaba chake kilikuwa kopo la bati, ukingo wake umegongwa kwa nyundo ili usikate mkono, na makazi yake yalikuwa ndani ya debe la mchele usiku na mchana. Hakuna aliyeruhusiwa kuchota kwenye debe lile kwa bakuli wala kwa kiganja. Debe likiwahi kuisha, Mama hakukimbilia dukani. Alikaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akahesabu kwa vidole: wageni wa Jumatano vibaba viwili, shangazi kakopa kimoja, oda ya maulidi pishi nzima. Akishapata jibu ndipo aliponituma, na alijua ananituma nikalete kiasi gani.

Nina watoto wangu sasa, na kazi yangu ni kutunza hesabu za maduka ya watu. Lakini kibaba kile nilikuja kukihitaji Aprili 2024, nyumbani kwangu Tabata, Dar es Salaam, kwa jambo ambalo halina uhusiano wowote na mchele.

Usiku wa tarehe 28 mwezi ule ujumbe uliingia kwenye simu: kifurushi chako cha intaneti kimekwisha. Ulikuwa ujumbe wa tatu ndani ya mwezi mmoja. Kifurushi kikubwa cha GB 80, kile cha kuwekwa kwenye ruta ya laini, kilikuwa kimeisha katikati ya mwezi. Nikaongeza cha GB 30, kikaisha. Nikaongeza kingine, nacho ndio hicho. Mezani nilikuwa na hesabu za duka la vipuri Kariakoo, zilizotakiwa kufika kwa mteja asubuhi. Nikanunua kifurushi kidogo cha dharura, nikatuma kazi, kisha nikafungua ujumbe wote wa malipo wa Aprili nikajumlisha. Shilingi 175,000. Nilijumlisha tena kutoka chini kwenda juu, kama tunavyofanya tukiwa hatuamini, na jibu likawa lilelile.

Tuko sita. Mume wangu ni dereva wa magari ya masafa, na mara nyingi mwezi unakatika yeye akiwa kati ya Tunduma na Lubumbashi. Mama anaishi nasi tangu Baba alipofariki mwaka 2021. Nina binti aliyekuwa Kidato cha Nne mwaka ule, mtihani wa taifa ukimsubiri Novemba, na mvulana wa darasa la tatu. Mpwa wangu, mtoto wa dada, alikuwa mwaka wa pili chuoni na akilala kwetu. Mimi nafanyia kazi sebuleni. Ritani za wateja wangu zinakwenda TRA kwa mtandao, ile ya VAT kila ifikapo tarehe 20, na siku hiyo mtandao ukikatika mteja hataki kusikia habari za bando. Kwa hiyo intaneti kwangu haikuwa anasa. Ilikuwa gharama ya kazi, na gharama ya kazi niliyoiacha bila daftari kwa miaka mitatu.

Nilipompigia mume wangu alisema hama tu, hao wezi. Hiyo ndiyo sentensi ya kila mtu mjini: bando linaibwa. Nakumbuka Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipoanza, malalamiko yalivuma hadi Serikali ikazisitisha. Simlaumu mtu kwa kulalamika. Wapo walioibiwa kweli. Lakini nimekaa na wafanyabiashara wa kutosha kujua kwamba anayedai hela yake huku hana karatasi hurudi mikono mitupu, hata kama haki ni yake.

Mimi usiku ule sikutafuta karatasi. Nilitafuta mtu wa kumbebesha. Nilimwita binti yangu, kwa sababu yeye ndiye niliyemwona na simu mkononi kila nikipita. Aliapa kwamba hatazami chochote cha ajabu. Nikabadilisha neno la siri la waifai palepale, nikawapa wote isipokuwa yeye.

Mei mosi nikaweka kifurushi kipya cha GB 80. Kampuni hutuma ujumbe ukishatumia asilimia 75. Mwezi Aprili ujumbe huo ulikuwa umeingia tarehe 12. Mwezi Mei, binti yangu akiwa hana hata tone, uliingia tarehe 11.

Nilisimama jikoni na simu mkononi, nikazilinganisha zile tarehe mbili. Mama alikuwa anachambua mchicha. Akaniuliza kuna nini, nikamweleza. Akakata shina moja, akalitupa, akasema: "Mwanangu, hilo bando lina kibaba?"

Sikuwa na jibu.

"Basi umemhukumu mtoto hujapima."

Mpwa wangu ndiye aliyenionyesha kibaba kiliko. Aliichukua ruta juu ya kabati, akaigeuza chini. Kwenye kibandiko palikuwa na namba 192.168.1.1, jina na neno la siri la kuingilia. Aliziandika namba zile kwenye kompyuta, mahali unapoandika anwani ya tovuti, na ukurasa ukafunguka bila kwenda popote nje ya nyumba: ni ruta yenyewe inajieleza. Kulikuwa na jumla ya kilichopita tangu mwezi kuanza, na chini yake orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Vingine vilikuwa na majina ya simu, vingine mistari ya herufi na namba tu. Nilihesabu vifaa tisa. Sisi tuliokuwa nyumbani, ukitoa mume wangu, ni watano.

Nikachukua daftari la hesabu, lile la viboksi, nikapiga mistari kama wa mteja yeyote: tarehe, kifaa, kiasi. Nilipanga kupima Mei yote iliyobaki. Kesho yake, Jumapili ya tarehe 12, mtandao ukaanguka nchi nzima.

Wengi tunaikumbuka Jumapili ile. Mikongo miwili inayopita baharini kando ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kusini, na Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wengine wakaachwa na mtandao wa kusuasua. Waziri wa Habari wa wakati ule, Nape Nnauye, alitoa taarifa. Seacom ndio uliofika Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ukafuata mwaka 2010, na kabla ya hapo sehemu kubwa ya intaneti yetu ilikuwa ya setilaiti, ghali na ya taratibu. Siku zile za Mei ndipo nilipoelewa kwamba kampuni ninayoilipa ni muuzaji wa mwisho tu katika mnyororo mrefu. Jirani yetu wa nyumba ya tatu alikasirika, akaenda kununua ruta ya kampuni nyingine, akarudi, akaiwasha, ikasuasua vilevile. Ni sawa na kubadilisha muuza maji wa toroli wakati mto Ruvu umekauka. Ukitaka kuhama kwa sababu ya ubovu wa huduma, ngoja kwanza ujue ubovu uko wapi: ndani ya nyumba yako, kwa kampuni, au chini ya bahari.

Wiki ile matumizi yetu yalishuka sana. Mtu asiyekuwa makini angeona namba ya Mei na kusema familia yangu ni ya GB 110 kwa mwezi. Ilikuwa namba ya ukame. Hatukutumia kidogo kwa sababu tulihitaji kidogo, tulitumia kidogo kwa sababu bomba lilibanwa. Katika kazi yangu tunayo mazoea ya kuandika pembeni ya mwezi wa aina hii, duka lilifungwa kwa msiba, ili mwakani mtu asije akafananisha. Nikaandika pembeni: mkongo.

Juni nayo ikaja na yake. Shule zilifungwa, mvulana wangu akawa nyumbani kutwa, na tarehe 17 Idi ya kuchinja ikatuletea wageni kutoka Tanga ambao walilala siku nne. Ruta ikasoma GB 197. Hii nayo haikuwa namba yetu ya kila siku. Lakini sikuifuta. Ilinionyesha kilele, na kilele ndicho kinachokuumiza kama mkataba wako una kikomo. Nilikumbuka kwamba Februari tulikuwa kwenye mgao wa umeme, na Ramadhani iliyofuata watu walihamia usiku. Mwaka mzima wa nyumba moja hauna miezi miwili inayofanana. Ndiyo maana nawacheka wanaosema pima siku tatu kisha zidisha kwa kumi, kwa sababu siku tatu za katikati ya wiki hazijui Jumamosi inafananaje.

Kwa hiyo mwezi wa kupimia ukawa Julai.

Simu ni rahisi. Kwenye mipangilio ya mtandao kuna mahali simu inapoandika imetumia kiasi gani kwa waifai, na kila programu imekula ngapi. Tulikubaliana kila mtu alete simu yake kwangu Jumapili baada ya chakula, nisome mbele yake, niandike. Kompyuta ya kazi nayo huonyesha matumizi ya siku 30 zilizopita. Kilichonisumbua ni runinga. Ile yetu ni janja lakini haikuwa na mahali pa kuonyesha imemeza kiasi gani. Tena mara nyingi inawashwa kwa king'amuzi, na king'amuzi hupokea kwa dishi, hakigusi bando hata kidogo. Ukiiona inawaka huwezi kujua inakula au haili.

Tarehe 7 Julai, Sabasaba, iliangukia Jumapili na wote tulikuwa nyumbani. Saa mbili usiku niliwaomba wazime waifai kwenye simu zao kwa saa moja. Mama alikubali baada ya kuahidiwa kwamba saa tatu simu yake itakuwa tayari. Kompyuta nikaichomekea waya wa ruta, nikafungua ukurasa ule, nikaandika namba iliyokuwepo. Mvulana wangu akaweka katuni zake. Tukakaa wote tunatazama sungura na fisi wakikimbizana, na mimi nikitazama namba. Ilikuwa ikipanda kwa vipande, si kwa mtiririko: inakaa kimya, inaruka, inakaa kimya tena, kama mtu anayekunywa maji kwa mafunda. Saa tatu kamili nikasoma tena na kutoa. GB 1.7 kwa saa moja.

Mpwa wangu akaingia kwenye mipangilio ya ile programu ya video, akashusha ubora wa picha hadi 480. Tukarudia nusu saa. Ilikula GB 0.3. Nikamuuliza mwanangu kama katuni zimeharibika. Aliniangalia kama niliyemuuliza kama sukari imekuwa chungu.

Kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa karani wa runinga. Nilimpa penseli na karatasi iliyobandikwa ukutani: kila nusu saa ya video za mtandaoni, kijiti kimoja. Nilimwomba pia mpwa wangu aturudishie ubora wa zamani hadi mwezi uishe, kwa sababu nilitaka kuijua nyumba ilivyo kabla ya kuirekebisha. Mwisho wa Julai alikuwa na vijiti 72, saa 36. Ukizidisha unapata GB 61.

Daftari lilisomeka hivi, na nakumbuka kila mstari. Runinga 61. Mpwa wangu, simu na kompyuta, 33, nyingi zikiwa mihadhara ya chuo na mpira. Simu yangu mimi, 21. Kompyuta ya kazi 12, na karibu nusu yake ni masasisho yaliyojipakua yenyewe usiku. Kifaa nisichokijua, 11. Binti yangu 8. Mama 5. Jumla 151, na ruta ilisema 154. Tofauti ya tatu niliiacha. Baadhi ya programu huhesabu gigabaiti kuwa megabaiti 1,000 na nyingine 1,024, zote zikiiita kwa jina moja, na hilo pekee linatosha kuleta pengo kama lile.

Nilirudi kwenye mstari wangu. GB 21 za simu yangu sikuwa nimezitazama wala kuzisikiliza. Niko kwenye kamati tatu za harusi, vikoba viwili, na makundi ya wateja, na kila video na kila picha iliyotumwa humo ilikuwa inajipakua yenyewe nikiwa nimelala. Kisha programu nyingine ikawa inazipandisha picha hizohizo kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kitu kimoja kilikuwa kinanilipisha kikishuka na kinanilipisha kikipanda. Nilizima yote mawili kwa dakika mbili, nikaacha picha za kazi tu.

Na ule mstari wa binti yangu. Jumapili ya mwisho ya Julai alikaa mbele yangu, akanipa simu yake mwenyewe, ikiwa imefunguka pale panapotakiwa. Masomo ya video ya kemia. Mitihani iliyopita. Muziki kidogo. Programu ya kuandikiana na wenzake, chini ya GB 1. Nilikuwa nimemrudishia waifai katikati ya Mei, lakini hatukuwahi kulizungumza. Nikamuuliza zile wiki mbili alifanyaje. Akasema, bila kuinua macho, "Nilikuwa nanunua bando la jero, mama. Kwenye hela ya chapati."

Shilingi 500 za chapati za mapumziko, ili apate kupakua mtihani wa kemia wa mwaka uliopita. Nilimwomba msamaha. Najua kwetu mzazi hazungumzi hivyo na mtoto mara nyingi, na najua yeye mwenyewe alishtuka. Nilimwomba tena mbele ya Bibi yake, kwa sababu nilimtuhumu mbele ya Bibi yake.

Mama, ambaye kila usiku saa tatu anaongea kwa video na kaka yangu aliyeko Muscat, alikuwa ametumia GB 5 kwa mwezi mzima. Kaka ndiye aliyemwekea programu ya kupigia, maana si kila programu ya simu inakubalika kule. Wanaongea nusu saa, siku nyingine zaidi. Mwezi Aprili, katika hasira zangu, nilikuwa nimefikiria kumwambia apunguze ziwe mara mbili kwa wiki. Nilidhani video ni video. Lakini picha ya uso mmoja kwenye simu ndogo ni nyepesi kuliko katuni kwenye runinga ya inchi 43, na mazungumzo yake ya mwezi mzima hayakufika saa tatu za katuni zile. Kama ningekata kwa kukisia ningemnyima mama mwanawe, na bando lingeisha siku ileile.

Kikabaki kifaa kisichojulikana. Neno la siri nilikuwa nimelibadilisha Aprili, kwa hiyo halikuwa deni la zamani. Nilipouliza mezani kukawa kimya, halafu Mama akasema, "Nilimpa mimi." Ni kijana wa duka la ng'ambo ya ukuta, anayembebea mtungi wa gesi kutoka barabarani na hakubali kulipwa. Mama yake yuko Kigoma. Mama alimwandikia neno la siri kwenye kipande cha karatasi ya sukari ili aweze kumwona mama yake.

Nililiwaza hilo siku mbili. Mwishowe nilifungua kwenye ruta mtandao wa wageni, wenye neno lake la siri, usioweza kufikia kompyuta yenye hesabu za wateja, na kijana nikampa huo. Kwenye daftari nilifuta "kifaa nisichokijua" nikaandika "kijana wa dukani, GB 11". Ni matumizi ya nyumba hii kama mengine.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuongea na kampuni, na nikagundua mazungumzo ni tofauti kabisa ukiwa na daftari. Faiba, yaani intaneti ya waya, ilikuwa imefika mtaa wetu mwaka ule, nguzo ya mwisho ikiwa mita 60 kutoka getini. Kijana wa mauzo alikuja na vipeperushi. "Mama, kwa watu sita chukua Mbps 40," akasema, "na ni bila kikomo." Nilimkaribisha chai, nikafungua daftari.

Kuna jambo hapa ambalo linawapoteza wengi, na lilinipoteza mimi. Bando tunaloliweka kwenye laini linauzwa kwa ujazo: GB kadhaa, zikiisha zimeisha. Faiba inauzwa kwa kasi: Mbps kadhaa, na ile "b" ndogo ni biti, si baiti. Biti nane ndizo baiti moja. Kwa hiyo Mbps 20 ni megabaiti 2.5 kwa sekunde, ambazo kwa saa moja ni GB 9. Bomba la namna hiyo likiachwa wazi mwezi mzima usiku na mchana linaweza kupitisha GB 6,480. Sisi tulihitaji 154, na mwezi wa Idi 197. Kwa ujazo, hata bomba dogo kabisa kwenye kipeperushi chake lilitutosha mara nyingi. Swali likawa si tunakula kiasi gani kwa mwezi, bali tunakula wangapi kwa wakati mmoja.

Hilo nalo lilikuwa daftarini, kwa sababu mwezi wote niliandika saa. Kilele chetu ni saa tatu usiku. Runinga ikiwa imeshushwa ubora inahitaji kama Mbps 3, mhadhara wa mpwa wangu 3, kemia 2, Mama na Muscat 2, mafaili yangu 2, kijana wa dukani 1. Kumi na tatu. Nilimwambia nataka ya 20, ya shilingi 55,000. Kisha nikamuuliza hilo "bila kikomo" linamaanisha nini: ni GB ngapi nikizifikia mtashusha kasi? Alisema hakuna. Nikamwomba aniletee maandishi. Alirudi baada ya siku mbili na ukurasa uliochapwa, na ndani yake, mstari wa chini, kulikuwa na GB 500. Sikumkasirikia; naamini hakuwa anajua. Mia tano kwetu ni mbali. Lakini kampuni nyingine niliyozungumza nayo wiki ileile, ambayo bei yake ilikuwa nafuu kwa shilingi 10,000, kikomo chake kilikuwa 120. Ningekifikia tarehe 24 ya mwezi wa kawaida, na siku zote zilizobaki tungetambaa. Bila ile 154 ningeona elfu kumi tu.

Kabla ya kutia saini nilikwenda kwa majirani wawili wenye faiba hiyo, mmoja Jumanne na mwingine Jumamosi, saa tatu usiku, nikawaomba nipime kasi kwa simu yangu nikiwa kando ya ruta yao. Kasi ya saa nne asubuhi haina maana kwangu. Waya wa mtaa wanagawana watu wengi, na wote wanarudi nyumbani saa ambayo na sisi tunarudi. Jumanne nilipata 18, Jumamosi 16. Kumi na sita ni zaidi ya kumi na tatu. Nikatia saini. Ile laini ya zamani nikaibakiza na kifurushi kidogo cha tarehe 20, maana mkongo niliuona kwa macho yangu ukikatika, na nguzo pia huanguka.

Mafundi walikuja Agosti, wawili, na ngazi ya alumini. Waya wenyewe ulinishangaza, mweusi na mwembamba kuliko kamba ya viatu. Fundi akasema ruta huwekwa sebuleni, chini ya runinga, kila nyumba ndiyo hivyo. Nikamwonyesha daftari: runinga iko hatua mbili kutoka popote sebuleni na itapata tu, panapokufa mawimbi ni chumba cha mwisho, nyuma ya kuta mbili za tofali, na anayekaa chumba hicho ni mtu anayetumia GB 5 tu lakini picha yake ikiganda usiku halali. Akachukua kijitoboleo, akapitisha waya juu ya dari ya korido, akaifunga ruta nje ya mlango wa Mama.

Saa tatu usiku kaka alipiga. Nilisikia sauti yake kutoka sebuleni, safi, akimuuliza Mama kuhusu magoti yake. Mama hakumjibu habari ya magoti. Alinyanyuka na simu, akatoka hadi koridoni, akaielekeza juu ambako taa ndogo za kijani zilikuwa zinapepesa. "Unaona?" akamwambia. "Umekuja mpaka mlangoni kwangu." Kisha akaanza kumweleza, taratibu, ametumia kiasi gani mwezi uliopita.